Bibi Sikio na Sauti Iliyojificha Kwenye Utepe

Ndugu waombolezaji, majirani wa mtaa huu wa nyuma ya karakana za reli, wafanyakazi wenzake wa zamani wa redio, na mafundi mliofunga maduka yenu asubuhi hii, familia imemtuma mdogo wake wa mwisho asimame hapa asome maisha ya dada yake, na kwa kuwa marehemu hakuvumilia mtu anayesoma kwa kukimbia, yatasomwa polepole, mwenye kiti na akae, na watoto walio karibu na spika wasichezee waya, maana mwenye kuwakaripia leo amenyamaza.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1952, katika nyumba ya vyumba viwili iliyoegemea ukuta wa kinu cha kusaga nafaka, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi wa kinu hicho na mkewe aliyekuwa mshona nguo, na kwa sababu ukuta ulikuwa mmoja, kinu kikinguruma vikombe vya kabatini navyo vilitetemeka, kwa hiyo alikua akijua saa za siku kwa mlio wa mashine. Mama yetu alikuwa akisimulia kwamba alipokuwa na miaka mitano aliacha chai yake mezani, akaenda kumwambia baba kwamba mashine inakohoa, baba akacheka, akamrudisha kwenye chai yake, na kabla ya mchana mkanda wa mashine ukakatika, ukapita karibu na kichwa cha mteja na kumwangushia kofia. Tangu siku hiyo baba hakumcheka tena, kila asubuhi kabla ya kufungua kazi alimsimamisha mlangoni binti yake, akawasha mashine, akamuuliza leo inasemaje.

Alianza shule ya msingi Januari 1960, akaendelea na sekondari ya wasichana kuanzia mwaka 1968 hadi 1971, ambako ripoti zake zilisema ana akili lakini hasikilizi, jambo lililomchekesha maisha yake yote, maana alikuwa akisikiliza sana, ila hakuwa akimsikiliza mwalimu, alikuwa akisikiliza taa ya mrija iliyovuma juu ya ubao. Mwaka 1972 alijiunga na chuo cha ufundi, idara ya umeme na redio, akiwa msichana peke yake darasani, na alihitimu Novemba 1974 akiwa na cheti, kovu la kulehemu kwenye kidole gumba, na mdomo mkali ambao hakwenda nao chuoni, au pengine alikwenda nao, sisi wadogo zake tuna ushahidi.

Tarehe 3 Februari 1975 aliajiriwa katika karakana ya kituo cha redio, chumba kirefu kisicho na dirisha, kilichonuka spiriti na risasi ya kulehemu, na huko akakutana na zile mashine ambazo vijana wengi waliopo hapa hawajaziona kwa macho, mashine kubwa kama jiko, zenye magurudumu mawili juu, utepe wa kahawia ukitoka gurudumu la kushoto, ukipita mbele ya vichwa vya chuma vidogo kama punje ya mahindi, kisha ukiviringika kwenye gurudumu la kulia, na hapo vichwani ndipo sauti inapoandikwa na kusomwa. Kichwa kikiinama hata kwa unene wa unywele, sauti inakuwa ya mtu aliyejifunika blanketi, na wenzake walikinyoosha kwa kutazama sindano ya kipimo, lakini marehemu alifumba macho, akashika bisibisi kwa vidole viwili, akazungusha taratibu, akasikiliza, akaacha, na kipimo kilipoletwa, sindano ikasimama palepale panapotakiwa. Mkuu wa karakana, mtu ambaye hakuwa na tabia ya kusifu, aliitazama sindano ile, akamtazama yeye, akatoka nje kuvuta sigara, na aliporudi alimwita Sikio, jina ambalo baadaye lilimeza hata lile alilopewa na wazazi.

Katika kituo hicho alikuwepo mtangazaji wa zamu ya asubuhi, kijana nadhifu, mwenye sauti nzito na laini iliyompa jina la Kinanda, na msimwone ameinamisha kichwa hapo mbele, enzi zake watu walichelewa kazini kwa kumsubiri amalize sentensi, na yeye mwenyewe alijua, ndiyo maana sentensi zake zilikuwa ndefu. Ugomvi wao ulianza kwa jambo ambalo nje ya karakana lisingeweza kugombanisha watu. Utepe ukiviringishwa na kukaa kabatini, mzunguko mmoja hulala juu ya mwingine, na sauti ya mzunguko huu huacha alama hafifu kwenye mzunguko wa jirani, kama wino mbichi unavyochafua ukurasa unaoukabili daftari likifungwa, na ukiuhifadhi utepe mwanzo wake ukiwa nje, alama ile huangukia zaidi mbele, hata msikilizaji akasikia mnong'ono wa mtu kabla mtu mwenyewe hajafungua kinywa. Kwa hiyo sheria ya mafundi ni kwamba utepe ukishapigwa haurudishwi mwanzo, unalala hivyohivyo, mwisho ukiwa nje, ili mnong'ono uje nyuma na kumezwa na sauti yenyewe.

Sasa huyu bwana, kila akimaliza kipindi, aliurudisha utepe mwanzo, akiamini anamsaidia fundi, kama mgeni anayeosha vyombo vya mwenyeji wake na kuvipanga kwenye kabati lisilo lake. Marehemu alimkanya, akarudia kumkanya, mwenzake akaitikia ndiyo Fundi, nimekuelewa Fundi, na kesho yake utepe ukakutwa umerudishwa mwanzo, umebandikwa kipande cha karatasi yenye gundi ili usifumuke, mpaka wafanyakazi wakaanza kusema kwamba huyu mtu anatafuta kugombezwa, na ndivyo ilivyokuwa, alikiri mwenyewe siku ya harusi. Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976, na tabia ya kurudisha utepe hakuiacha, kwani mapenzi humbadilisha mtu, lakini si kila mahali.

Walijaliwa watoto wawili, na hapa historia ya watoto haiwezi kutenganishwa na historia ya koo la baba yao. Kifungua mimba, mvulana, alizaliwa tarehe 11 Aprili 1978, akakua akiisikia sauti ya baba kwenye redio asubuhi na mezani jioni, hata akaamini kwamba baba wa kila mtoto anakaa ndani ya redio. Mwanzoni mwa mwaka 1984 sauti ile ikaanza kukwaruza, ikadhaniwa ni mafua, ikadhaniwa ni uchovu, na tarehe 22 Mei 1984 madaktari walimfanyia upasuaji na kuliondoa koo la sauti lote, ili kuokoa maisha yake, wakamwachia tundu dogo shingoni la kupumulia. Marehemu alikuwa mjamzito, na tarehe 30 Septemba mwaka huohuo akajifungua binti, kitinda mimba, mtoto wa mtangazaji maarufu ambaye angekua bila kumsikia baba yake akitamka hata neno moja.

Hospitalini alikuwepo mwalimu aliyewafundisha watu wa namna hiyo kumeza hewa na kuitoa kidogokidogo pamoja na maneno, sauti inayotoka hivyo ni kavu na ya kukatika lakini inaeleweka, na shemeji yetu alijaribu mara moja, akajisikia, akachukua kofia yake, akaondoka asirudi. Tuseme ukweli, ilikuwa ni kiburi, na ilikuwa ni huzuni pia, na aliyepoteza kidogo asimcheke aliyepoteza kingi. Alihamishiwa kwenye maktaba ya santuri, akawa anasema na watu kwa nyusi, kwa viganja na kwa kugonga meza, na nyumba ile ikazoea.

Lakini binti hakuzoea, alipoanza kuongea alimuuliza mama yake Baba alikuwa anasikikaje, na kaka yake, kwa ubaya wa kitoto, alijigamba kwamba yeye alimsikia, kisha akamwigizia, akikaza shingo na kutoa sauti ya ndani ya pipa, na marehemu akiwa jikoni alijua kwamba si hivyo, haikuwa hivyo hata kidogo. Akaenda kuitafuta kazini. Alifungua kila kabati la kituo, na hakupata kitu, kwa sababu mwaka 1982 tepe mpya zilipoadimika, ilitoka amri kwamba tepe zote za maongezi zifutwe kwa sumaku kubwa ili zitumike tena, na nani angehifadhi maneno ya mtangazaji aliyekuwa akirudi kesho kuyasema mengine, na aliyekabidhiwa sumaku ile, aliyezifuta tepe rundo baada ya rundo kwa siku nzima huku mumewe akitangaza chumba cha pili, alikuwa ni yeye mwenyewe. Jambo hilo lilimuuma, hakulisema kwa miaka, na lilipomtoka hatimaye alilisema huku akipukuta vumbi mahali pasipo na vumbi.

Marehemu alistaafu mapema, tarehe 31 Desemba 1999, mwaka ambao kituo kilihamia kwenye kompyuta, na mashine zake zilipotolewa uani zikisubiri kwenda kwa wanunuzi wa vyuma, aliziomba, akaomba na masanduku ya tepe yaliyokuwa yatupwe pamoja nazo, akapewa vyote, na mkokoteni ukaingia mtaani kwetu ukiwa na mashine nne, siku ambayo meza ya chakula ilipoteza chumba chake na shemeji yetu alipandisha nyusi hadi kwenye nywele. Hapo ndipo karakana ya chumba cha nyuma ilipoanzia. Watu walimletea mashine kutoka miji ya mbali, makwaya, shule, wakusanyaji wa vitu vya kale, wajukuu wa wanamuziki, wakizibeba kwenye mashuka kama wagonjwa, naye alibadilisha mpira uliokufa kwa mpira aliouchonga mwenyewe kutoka kwenye soli ya kiatu, akapangusa vichwa kwa pamba na spiriti, akaondoa usumaku uliobaki kwenye chuma, na tepe zilizokuwa zikinata kwa uzee alizikausha ndani ya sanduku la bati lenye balbu moja, joto dogo, subira kubwa. Aliyewahi kukaa kwenye kigoda cha chumba kile anajua, utepe ambao ulikuwa umetolewa jalalani ulianza kuzunguka, kwanza unavuma tu, halafu mtu aliyekufa kabla hatujazaliwa anavuta pumzi na kuanza kuimba, na sisi tuliokuwa tukizungumza mambo ya bei ya sukari tulijikuta tumevua kofia.

Mwaka 2003, Jumamosi moja asubuhi, aliweka kwenye mashine utepe mmoja wa muziki wa bendi kutoka yale masanduku ya kituo, utepe wa kawaida aliokuwa akiutumia kupimia kichwa, na mbele ya muziki kulikuwa na kipande kitupu, kisichorekodiwa kitu, ambacho mafundi hukipita bila kukisikiliza. Mashine ile alikuwa ametoka kuifanyia matengenezo makubwa, haikuwa na mlio hata wa mbu, na ndani ya kile kipande kitupu, chini kabisa ya mchakacho wa utepe, akasikia mtu. Alisimamisha mashine, akatoka akafunga mlango wa jikoni, akazima friji, akamwomba jirani muuza mbao apumzishe msumeno, na jirani yupo hapa, atawaambia jinsi alivyoombwa, kwa heshima ambayo hakuwa ameizoea kutoka kwa mama huyu. Akarudi akatega sikio, akainamisha kichwa cha mashine kwa upana wa wazo tu, akasikia tena, akakaa chini sakafuni akiwa na bisibisi mkononi.

Alielewa kabla hajaelezwa na mtu. Zamani utepe ule ulibeba maneno ya mumewe, haukupitia kwenye sumaku, ulikaa kabatini kwa muda mrefu, kisha siku moja mtu akarekodi bendi juu ya maneno yale, akaanzia palepale yalipoanzia, maneno yakafutika yote. Ila utepe ule ulikuwa umekaa kabatini mwanzo wake ukiwa nje, umerudishwa na mtu mkaidi aliyekatazwa asirudishe, na kwa sababu ya kosa lile sauti yake ilikuwa imetia alama mbele, kwenye mzunguko mtupu, mahali ambapo kalamu ya bendi haikufika. Mzunguko mmoja wa utepe, basi, pumzi mbili za mtu, ndicho kilichobaki cha miaka yote ile ya asubuhi.

Alifanya kazi juu ya kipande kile kwa miezi, hakumwambia mtu, akabadilisha kapasita, akatengeneza waya upya, akapunguza mchakacho kadiri ulivyokubali kupungua, na siku alipoona mkono wake hauwezi zaidi ya hapo, aliwaita wote watatu, mume, mwana na binti, akawakalisha kwenye vigoda, akawasha. Utepe ukavuma, kisha mle ndani, mbali, kama mtu aliye nyuma ya ukuta mvua ikinyesha, sauti ya kiume ikahesabu moja, mbili, jinsi watangazaji wanavyojaribu kipaza sauti, ikasema, "Fundi, unanisikia huko?" na bendi ikaingia ikamfunika.

Kifungua mimba, mtu mzima mwenye ndevu, alifunika uso kwa viganja, akasema baadaye kwamba miaka yote alikuwa akiigiza vibaya. Shemeji yetu alisimama, akatikisa kichwa, akapiga mkono hewani kuonyesha kwamba hiyo si sauti yake, ni uchafu wa sauti, zimeni, na ndipo binti, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, akamshika mkono, akamwambia, "Baba, mimi sikuwa natafuta sauti nzuri. Nilikuwa natafuta yako."

Siku ya kliniki iliyofuata shemeji yetu alirudi kwa yule mwalimu wa hospitali, ambaye alikuwa amezeeka, akamkuta bado yupo. Alijifunza akiwa amejifungia stoo, akimeza hewa na kukohoa, na marehemu alipita mlangoni akinyata, mama ambaye hakuwahi kunyata katika maisha yake, mpaka siku moja mezani baba akainua kichwa, akamtazama binti yake, akatamka kwa sauti ya mbao kavu ikisuguliwa, "Chumvi." Akapewa chumvi, na hakuna aliyekula. Marehemu alisema amesikia mengi kwa haya masikio, na kwamba hilo ndilo kubwa.

Hata hivyo, sauti ile haikuvuka kizingiti cha nyumba. Nje ya nyumba aliendelea na nyusi na viganja, akituambia sisi wa nyumbani kwamba watu wanamkumbuka Kinanda, waacheni na Kinanda wao, na marehemu, aliyeweza kumlazimisha yeyote kufanya lolote, kwa hilo hakumlazimisha, aliomba tu, kila mara, kwamba iko siku amsikie mumewe akisema mbele ya watu tena. Hakumsikia. Hilo tunalisema wazi, kwa kuwa mwenyewe hakupenda historia zinazofichaficha.

Mwaka 2019 marehemu alianza kuvimba miguu, ikagundulika kwamba moyo wake umetanuka, akatibiwa, akapata nafuu, akarudi kwenye kigoda chake kinyume cha ushauri wa daktari, na usikivu wake ulipopungua aliweka ncha za vidole juu ya mashine na kufanya kazi kwa mtetemo, na mashine zilizotoka mikononi mwake miaka hiyo zinafanya kazi hadi leo. Tarehe 2 Juni 2023 alilazwa, na akiwa kitandani alimwambia muuguzi kwamba feni ya wodini imekaukiwa mafuta, itasimama, muuguzi akadhani ni homa, na wiki haikuisha feni ikasimama. Tarehe 17 Juni 2023, saa nne asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na mumewe, na wanawe wote wawili wakiwepo, aliaga dunia akiwa na umri wa miaka sabini.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, wadogo zake, na mashine kumi na moja za wateja ambazo wenyewe tunaomba mwonane na binti yake, kwani amerithi kigoda na, majirani wameshaonja, amerithi na mdomo. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo waliomhudumia kwa uvumilivu, na uvumilivu ulihitajika, mwalimu yule wa hospitali ambaye ametutangulia, wafanyakazi wenzake wa redio mliombeba leo, majirani wote, na muuza mbao, ambaye tangu juzi, bila ya kuombwa na mtu, hajawasha msumeno.

Karatasi hii ilikuwa imalizikie kwa maneno ambayo sote tunayajua, lakini asubuhi hii shemeji yetu ameyakata kwa kalamu, akaonyesha kwa kidole kwamba hayo asiyasome mtu mwingine. Wenye umri wetu mnaikumbuka sauti ya Kinanda, msiingoje, haipo. Mtakayoisikia ni kavu, ni fupi, na baina ya neno na neno atameza hewa, kwa hiyo tunaomba utulivu, mzime simu, wa nyuma msogee karibu, na atakayelia alie polepole ili wengine tusikie. Shemeji, kipaza sauti hiki hapa.

Fundi wangu.

Pumzika.

Kwa amani.